Maneno ya Kuingilia Jukwaani

Kila kikundi cha maigizo kinapotafuta waigizaji wapya, na kila chuo cha sanaa kinapopokea wanafunzi, tangazo huwa na masharti karibu yale yale: mwombaji afike siku fulani, akiwa amehifadhi moyoni maneno ya mhusika mmoja, yasiyozidi dakika mbili au tatu, ayatamke mbele ya wasaili. Wengi huiona shughuli hii kuwa ndogo, kizingiti tu cha kuvuka ili mtu aingie ndani. Mimi nadai kwamba hapo kizingitini ndipo sanaa yetu ya jukwaa inapouzwa kwa bei ya kutupa, na wauzaji ni wawili: kijana asiyejua achague nini, na msaili anayempa alama kwa uchaguzi wake mbovu.

Nimeketi mara kadhaa katika meza ya usaili, kwenye vikundi nisivyokuwa na haja ya kuvitaja. Kijana wa kwanza huingia akilia. Hajatuambia ni nani, wala amefiwa na nani. Analia tu, anajitupa sakafuni, anapiga kifua, kisha anainuka na kututazama kama mtu aliyekwisha kufanya kazi. Maneno yake kayaokota katika mchezo wa runinga, au kayatunga mwenyewe usiku wa jana kwa mfano wa mchezo huo. Anayemfuata huja na Kiingereza cha Shakespeare. Kakihifadhi vizuri, hakosei neno. Lakini ukimwuliza Hamlet anazungumza na nani hapo, na kabla ya hapo ametoka kuona nini, hana jibu. Na wa tatu huchanganya lugha mbili, akanyanyua mabega na kukunja midomo kwa namna ambayo hakuna mtu wa Tandika wala wa Nansio aliyezaliwa nayo. Kwenye meza yetu vichwa hutikiswa kwa kuridhika. “Huyu ana kipaji,” husema mmoja. Kipaji cha nini? Cha kuigiza waigizaji wengine.

Wapo watakaonijibu kwamba sanaa haina mpaka, na kwamba Shakespeare ni wa ulimwengu mzima. Nakubali, tena kwa furaha. Mwalimu Nyerere, akiwa na mzigo wa nchi changa mabegani, alipata wasaa wa kufasiri mchezo wa Julius Caesar, ukachapishwa mwaka 1963. Na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi, na kwa neno hilo moja la “mabepari” akawapa wasomaji wake mahali pa kusimama kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza. S. S. Mushi naye alimleta Makbeth mwaka 1968. Basi anayetaka kusimama mbele ya maiti ya Kaizari na kuwageuza raia wa Roma kwa ulimi wake, maneno anayo katika lugha anayoiotea ndoto. Akiyaacha hayo akashika yale ya Kiingereza asichokimudu, asituambie habari ya sanaa isiyo na mpaka. Hiyo ni kasumba, nayo inaendelea kuishi kwa sababu sisi wasaili tunailisha.

Jambo hili si la fahari ya taifa peke yake. Ni la kazi yenyewe. Mwigizaji hufanya kazi kwa ulimi, na kila ulimi una mwendo wake. Kiswahili huweka mkazo wa neno katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kijana aliyejifunza kusema jukwaani kwa kusikiliza filamu za nje huuvuta mkazo huo akaupeleka anakotaka, na maneno yakamtoka kama mabati yaliyofumuliwa na upepo. Zaidi ya hapo, tunapokanusha kitenzi, kwa kawaida hatutumii neno linalosimama peke yake ndani ya sentensi, ambalo mtu aweza kulikazia sauti. Ukanushi wetu hukaa mlangoni mwa kitenzi. Kati ya “nitakwenda” na “sitakwenda” hakuna ila konsonanti moja, na kwa konsonanti hiyo mtu huasi au hutii. Mwigizaji anayemeza mwanzo wa neno ili akapige kelele mwishoni amemnyang’anya mhusika uasi wake. Haya hayafunzwi kwa maneno ya Hamlet. (Na washairi wenzangu wasicheke: nimewasikia waombaji wakighani mashairi yetu ya vina na mizani kwenye usaili, wakakata pumzi penye kila kina, maana ikabaki imelala njiani.)

Hoja ninayoisikia mara nyingi zaidi, tena kwa watu walioelimika, ni kwamba tamthilia za Kiswahili hazina maneno marefu ya mtu mmoja yanayofaa usaili. Anayesema hivyo hajasoma. Ebrahim Hussein alitoa Jogoo Kijijini mwaka 1976, utungo wa mtambaji mmoja, ambamo sauti moja hubeba kisa kizima. Katika Mashetani ya mwaka 1971, Shetani anapojigamba mbele ya Binadamu, mwigizaji anapata majivuno, kejeli na hatari kwa pamoja. Penina Muhando katika Nguzo Mama ya mwaka 1982 alimweka Bi Msimulizi azungumze na watazamaji uso kwa uso, wakati wanawake wa Patata wanahangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Binti anayeamini kwamba lazima alie ndipo aonekane, na aichukue sehemu hiyo, aone jinsi ilivyo vigumu kumshika mtazamaji pasipo chozi hata moja.

Lakini hata kitabu chetu wenyewe chaweza kuchaguliwa vibaya, na mfano mkubwa ni Kinjeketile, tamthilia ya Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Kila usaili huleta Kinjeketile mmoja au wawili, na wote hupiga makelele. Wamechagua pale anapopandwa na pepo, maana hapo panaruhusu kutetemeka na kuzungusha macho. Mtu mwenyewe hawamwoni. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1905, katika tamthilia hii ni mtu aliyezaa neno, likakua likamzidi kimo. Anawaona watu wakiliamini kuliko anavyoliamini yeye. Karibu na mwisho yumo kifungoni, ameteswa, na anatakiwa aseme jambo moja tu, kwamba maji ni uongo, apate nafuu. Anajua maji hayakuzuia risasi. Anakataa, kwa kuwa anaona litakavyotumika neno lake dhidi ya watoto ambao hawajazaliwa. Mahali hapo hapana haja ya kelele. Panahitaji mtu awezaye kusimama tuli, mwenye shaka na imani ndani ya kifua kimoja, akimjibu rafiki anayemwomba kwa mapenzi. Kijana akiniletea huyo, hata sauti ikimtetemeka, namchukua.

Basi mwombaji na asome tamthilia nzima kabla ya kukata kipande chake. Ajue mhusika anasema na nani, na anataka nini kutoka kwake. Maneno yasiyomtaka mtu kitu ni hotuba, na hotuba tunazo za kutosha maofisini. Achague mtu wa umri anaoweza kuubeba. Awe na kipande cha pili, cha mwendo mwingine, maana msaili mwenye akili atakiomba. Na ajiandae kuimba na kucheza ngoma. Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na ambacho tangu mwaka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, hakikumtenga mwigizaji na mpiga ngoma, nacho kilikuwa na sababu.

Kwa upande wetu sisi wa mezani, tangazo la usaili litoke mapema, likitaja tamthilia tano au sita za Kiswahili; na nakala zake ziwekwe katika maktaba za mikoa, kwani kijana wa Songea hawezi kukihifadhi kitabu asichoweza kukipata. Siku ya usaili, kabla kijana hajafumbua kinywa kuigiza, aombwe atusimulie kwa maneno yake tamthilia aliyotoka nayo, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Asiyeweza arudi nyumbani akasome, na jina lake liandikwe kwenye orodha ya usaili unaofuata.