Mchoraji wa Matanga na Wahakiki wa Nchi Kavu

Wako wahakiki wanaoamini kwamba picha ya chombo cha tanga ni pambo la ukuta, si sanaa. Anayeipa kila kamba mahali pake, wasema, ni fundi wa kunakili. Msanii wa kweli hupaka buluu yake akaiachia hisia kazi iliyobaki. Kauli hii imekaririwa mno hata imevaa joho la elimu. Mimi naikataa, na shahidi wangu ni Mfaransa Marin-Marie.

Jina lake hasa lilikuwa Paul Durand Couppel de Saint-Front. Alizaliwa 1901, akafariki 1987. Katika miaka ya 1920 alikwenda bahari za kaskazini akiwa baharia katika Pourquoi-Pas?, merikebu ya mvumbuzi Jean-Baptiste Charcot. Ndiyo ile iliyovunjika pwani ya Iceland mwaka 1936, akaokoka mtu mmoja tu. Mwaka 1933 aliiongoza Winnibelle, mashua ya tanga, peke yake, kutoka Douarnenez hadi New York. Hapakuwa na wa kumpokea usukani. Basi alitweka matanga mawili pacha upande wa omo, akazipitisha kamba zake hadi kwenye kana, na upepo uleule uliokisukuma chombo ukawa ndio unaokinyoosha. Mwaka 1935 akatambuliwa kuwa mchoraji rasmi wa Jeshi la Wanamaji la Ufaransa, na 1936 akavuka tena, kutoka New York hadi Le Havre, katika Arielle, mashua ya mota. (Wapenzi wa tanga na tumsamehe hiyo mota.)

Je, mtu huyu alipokaa na rangi zake za maji kuchora mashua iliyolalia ubavu, alikuwa akinakili? Anakili nini, na bahari haitulii hata kwa pumzi moja? Alichokiweka karatasini ni hukumu: upepo una nguvu kiasi gani, tanga lingepunguzwa au bado, wimbi lijalo litapita chini ya mkuku au litapanda sitahani. Hukumu hiyo aliilipia kwa usiku wa kukesha. Hisia ambayo wahakiki wetu wanaitafuta imo humo humo, katika kamba iliyokaza.

Hoja moja yao ina uzito: kwamba mashua za starehe ni michezo ya matajiri, na mwenye kuzichora awapigia debe. Ni kweli nyingi zilikuwa zao. Lakini tajiri hakuranda mbao wala hakushona tanga. Tena Marin-Marie aliweka makazi katika visiwa vya Chausey, mbele ya Granville, ambako maji yakijaa na kupwa hupishana kwa kiasi cha mita 14 katika bamvua kubwa. Mahali pa namna hiyo bahari haimuulizi mtu nasaba yake, na mashua za wavuvi nazo ziliingia katika picha zake.

Nasi wa visiwani yatuhusuje? Tazama picha wanazouziwa wageni madukani mwetu. Jahazi lakwenda na upepo wa nyuma, tanga limevimba mbele, na bendera mlingotini yapepea kuelekea tezi! Upepo gani huo uvumao njia mbili? Katika ushairi tusingelivumilia hilo. Anayetuletea beti zisizo na mizani akadai ameandika kwa moyo, twamrudishia karatasi yake. Mchoraji akivunja mizani ya upepo twamsifu kwa kuuenzi utamaduni.

Na hasara haiishii ukutani. Goshi, demani, foromali: maneno haya hukaa hai mdomoni mwa mwenye kuona kitu chenyewe, au picha yake iliyo sahihi. Mtoto aliyelelewa kwa picha ya uongo hana pa kuyatundika, na akija kuwa mshairi ataandika "kamba" mahali pa yote matatu, pamoja na ile foromali ambayo ni mti. Manahodha wanaojua bado wako, bandarini, na hakuna mhakiki aliyewahi kuwaita waje kuitazama picha kabla haijasifiwa. Waitwe. Na kabla mhakiki hajatamka neno juu ya hisia, nahodha amuulize mbele ya watu: katika picha hii, demani iko wapi, na nani ameishika?