MAARIFA YA AFYA: Damu ya Wazee na Maradhi ya Kusahau

Wasomaji wetu, mtu akichomwa na mwiba, mahali pale huwa pekundu, hupata moto, huvimba na kuuma. Hivyo mwili hujipigania, na ni kazi njema. Lakini uko uvimbe mwingine wa ndani, mdogo, usioonekana wala kuuma, udumuo miaka mingi. Huo hujulikana kwa kupima damu.

Mwaka 1930 wataalamu wawili wa New York, William Tillett na Thomas Francis, waliona katika damu ya wagonjwa wa kichomi kitu kilichotoweka walipopona. Kitu hicho ni protini ifanywayo na ini, nayo huitwa CRP.

Je, yaweza kutangulia kusahau kwa uzeeni? Huko Honolulu wanaume wenye asili ya Japani walitolewa damu kati ya mwaka 1968 na 1970, na baada ya miaka 25 hivi akili zao zikapimwa. Habari za watu 1,050 zilichapishwa mwaka 2002: waliokuwa na CRP nyingi, hatari yao ya kupatwa na maradhi haya ilikuwa kadiri ya mara tatu kuliko ya wale waliokuwa na kidogo kabisa.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu lina mvua. CRP hupanda pia kwa kidonda, kikohozi, ufizi mbovu, unene na tumbako. Kipimo hiki peke yake hakiwezi kusema kwamba mzee fulani atasahau.

Wala tusidhani ya kuwa vidonge vya kutuliza uvimbe ni kinga. Huko Marekani wazee zaidi ya 2,500, wenye miaka 70 na kuzidi, walijaribiwa tangu mwaka 2001 kwa naproxen na celecoxib. Mwaka 2004 dawa zilisimamishwa kwa kuogopa madhara ya moyo, na kinga haikuonekana. Basi msimpe babu vidonge hivyo kila siku pasipo shauri la daktari. Vyaweza kumdhuru tumbo na figo.

Yafaayo ni haya: kutunza shinikizo la damu na sukari, kuacha tumbako, kutembea, kutibu masikio yasiyosikia, na kutomwacha mzee peke yake.

Na neno moja la kushika sana. Mzee akichanganyikiwa ghafula, kwa siku moja au mbili, msiseme, "Ni uzee tu." Huenda ana kichomi au maradhi ya mkojo, nayo hutibika; mpelekeni hospitali siku ile ile. Lakini yule asahauye polepole, aulizaye neno lile lile mara nne, hakurogwa wala si mkaidi. Ubongo wake waugua. Walimu na wafundishe watoto hivyo, ili bibi ajibiwe mara ya nne kwa upole kama mara ya kwanza.