Nakshatra, nge na tarehe ya harusi yako



Wiki iliyopita alikuja mteja dukani kwangu hapa Mombo kupimwa gauni la harusi. Hata kifua sijamaliza kupima, akanitolea simu. "Dada, eti nakshatra zetu hazipatani. Tumepata maksi 14 kati ya 36. Nifanyeje?" Shangazi yake akadakia kutoka kwenye benchi: "Na siku yenyewe mwezi umo kwenye nge!"

Si wa kwanza kuniuliza, kwa hiyo leo nimeona tulizungumze.

Kwanza tujue hiki kitu ni nini. Mwezi huzunguka dunia kwa siku 27 na theluthi hivi, na kila usiku unalala karibu na nyota nyingine. Watu wa kale walizitia alama nyota hizo kama vituo vya basi njiani. Wahindi, katika elimu yao ya nyota iliyotokana na Veda, wana vituo 27 na ndivyo wanavyoviita nakshatra. Waarabu wana 28, wanaviita manazil. Nyota nyingine ni zile zile. Kituo cha tatu kwa Wahindi ni Krittika, kwa Waarabu ni Thurayya, na sisi kwetu ni Kilimia, ambayo wazee walitazamia msimu wa kulima. Kituo cha 18 kwa wote wawili ni ile nyota nyekundu iliyo moyoni mwa Nge.

Wahindi hutazama mtoto alizaliwa mwezi ukiwa kituo gani. Wakati wa posa wanalinganisha cha mwanamume na cha mwanamke, wanatoa maksi hadi 36, na chini ya 18 wanasema ndoa ina mashaka. Ndiyo yale maksi ya mteja wangu. Huku pwani kwetu mwalimu wa falaki huchukua jina lako na la mama yako, anapiga hesabu ya herufi, anagawa kwa 12, na kinachobaki anakuambia ndiyo nyota yako. Halafu anatazama mwezi usiwe kwenye nge siku ya kuozesha.

Sasa nisikilizeni vizuri. Nge si jambo la ajabu linalotokea mara moja. Mwezi hupita pale kila mzunguko, kwa siku mbili na kitu. Ukijumlisha mwaka mzima ni kama siku 30. Na hao wenyewe hawakubaliani. Wahindi wanahesabu kwa kufuata nyota zenyewe, na wengine wanahesabu kwa kufuata misimu ya jua. Hesabu hizo mbili zimeachana kiasi kwamba mmoja atakuambia mwezi umeshatoka kwenye nge, na mwenzake atakuambia ndiyo kwanza unaingia. Wewe bi harusi utamsikiliza nani?

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Harusi yangu ilipangwa Ijumaa. Kadi zimetoka, na kanzu ya baba nimeishona kwa mkono wangu, darizi ya shingoni imenichukua usiku mbili. Mtu mmoja katika ukoo akaenda kutazamia, akarudi na habari kwamba siku ile ni ya nge, isogezwe. Ilikuwa ya kukwepa siku mbili tu. Lakini upande wa mume walikuwa wametoka mbali na likizo zinaisha, ikabidi isogezwe mwezi mzima. Wiki ya pili ya kungoja, baba akafariki. Aliyeniozesha ni baba mdogo. Kanzu ile ninayo hadi leo.

Sisemi nge ndiyo iliyomuua baba, wala sisemi tusingesogeza angeishi. Ajali imeandikwa. Nasema Ijumaa ile ya kwanza baba alikuwepo, mzima, na furaha yake ameivaa. Tukaiacha siku tuliyopewa tukakimbilia siku tuliyoagua.

Mwenyezi Mungu ametaja vituo vya mwezi katika Surat Yasin na Surat Yunus, na ametuambia ni kwa ajili ya kujua idadi ya miaka na hesabu. Ni kalenda, dada zangu. Kwayo tunajua Ramadhani, tunajua eda, wakulima wanajua mvua. Kuzijua nyota si kosa. Kosa ni kuzipa funguo za nyumba yako. Waarabu wa zamani waliuona mwezi wa Shawwal kuwa mkosi kwa ndoa, na Mama yetu Aisha, radhiallahu anha, amesimulia kwamba Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alimuoa ndani ya Shawwal hiyo hiyo. Kuna nyumba gani iliyobarikiwa kuliko ile? Na mnakumbuka tulivyoonywa juu ya kumwendea mpiga ramli na kumuuliza: swala za siku 40 hazikubaliwi.

Basi tarehe ichagueni hivi. Swalini rakaa mbili za istikhara, ushaurini na wazazi. Ulizeni likizo za watu, mifuko ya watu, na mvua, maana Machi hadi Mei kusafirisha wageni huku ni kazi. Hesabu na siku zako za mwezi, hilo ndilo la kuhesabu kweli. Na kama kuna mzee mgonjwa au aliyechoka nyumbani, msisogeze mbele bila sababu.

Maksi za kuangalia zipo pia: anaswali? Anasema kweli? Mama yake anamwitaje? Akikasirika anafanya nini?

Mteja wangu aliniuliza, "Nikuache ukate kitambaa au tusubiri?" Nikamwambia hilo si langu, nenda kazungumze na baba yako. Juzi amenipigia simu. Amesema, "Dada, kata."

Nimeshakata. Mwenyezi Mungu amtilie baraka, na nyote mnaongoja zenu. Amin.