Mashini ikikufa, miaka yako ya kazi inabakia wapi?

Zamani ku Gécamines, miaka ya kazi ya mutu ilikuwa inaandikwa mu dossier ya karatasi, yenye kufungwa mu armoire. Leo, mu makampuni mengi ya mine, ile dossier imeingia mu seva: pointage, fiche ya mushahara, makato ya CNSS, visite médicale. Mushahara wenyewe unapita ku banki ao ku simu. Kwa hiyo namna seva zinavyopangwa haiko tena mambo ya mafundi peke yao. Inagusa sufuria ya kila nyumba ya Shituru, Panda na Kikula.

Mafundi wanafanya namna gani ili kazi isisimame? Seva moja yenye nguvu inabeba ndani yake mashini pepe nyingi, ni kusema mashini zisizo na mwili wao, zinaishi mule sawa wapangaji mu nyumba. Kisha seva tatu ao ine zinaunganishwa. Moja ikikufa, wapangaji wake wanahamia ku zingine, na kisha dakika chache kazi inaanza tena. Lakini mupangaji hawezi kuhama kama vyombo vyake vimebakia mu nyumba yenye kuungua. Njo maana vyombo, yaani diski zenye maandiko yote, vinawekwa mu depo ya pamoja ambayo kila seva inaona.

Mutego uko hapo. Mutu wa mine anajua habari ya pompe za kutosha maji. Unaweza kuweka pompe tatu chini. Kama zote zinakula umeme ku kable moja, siku kable inakatika maji yanapanda tu. Vile vile seva tano zenye kutegemea depo moja: depo ikikufa, zote tano zinakuwa vyuma. Kwa hiyo kuko wanaopanga depo mbili, kila neno linaandikwa fasi zote mbili wakati moja. Wengine wanagawanya maandiko ku diski za seva zenyewe, kila kitu kwa kopi tatu, sawa vile inafanya programu ya Ceph.

Kuko hatari ingine. Waya kati ya seva mbili ikikatika, kila moja inaweza kuzani mwenzake amekufa. Zote mbili zinaendelea kuandika, na hesabu zinavurugika. Dawa yake ni kura: seva tatu ao tano, upande wenye wengi njo unaendelea, mwingine unanyamaza.

Na kopi ya papo hapo haiko akiba. Mutu akifuta liste ya wafanyakazi kwa makosa, kopi zote tatu zinafuta pia. Lazima kopi ya jana na ya juma lililopita ibakie fasi ya mbali.

Wakubwa wa ile kazi wenyewe wameangukia pale. Tarehe 10 Machi 2021, moto uliunguza seva za kampuni OVH ku Strasbourg, Ufaransa. Kuko wateja ambao akiba yao ilikuwa palepale. Tarehe 26 Septemba 2025, ku Daejeon, Korea ya Kusini, moto ulianza mu betri za lithium, ukasimamisha huduma nyingi za serikali. Maandiko ya wafanyakazi wa serikali, terabaiti 858, yalipotea sababu hayakuwa na kopi inje. Na sisi hatujasahau Kinshasa: tarehe 13 Desemba 2018 depo ya CENI iliungua, na karibu mashini 8.000 za kura ndani yake. Uchaguzi ulisogezwa kutoka 23 mpaka 30 Desemba.

Kweli, mupango kamili ni wa bei: seva, betri, groupe, fundi wa kuamka usiku. Ku Likasi, fasi umeme unakatika mara kwa mara, hata depo nzuri bila betri haina faida. Lakini kampuni ndogo isiyo na makuta ya seva tatu inaweza kuweka kopi ku Lubumbashi kila usiku. Kazi itasimama siku moja ao mbili. Miaka ya watu haitapotea.

Tunajua vile inauma. Mu 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa départs volontaires, na kwa miaka mingi kisha kuko waliodai haki zao. Mwenye kudai bila maandiko anadai kwa mudomo tu.

Délégation syndicale iulize mukubwa wa kampuni mambo matatu. Depo ikikufa leo, kazi itaanza tena kisha saa ngapi? Kopi ya mbali iko mu muji gani? Na mara ya mwisho mulijaribu kuirudisha ni siku gani? Kopi isiyojaribiwa ni sawa pompe ambayo hakuna aliyeiwasha.

Na wewe, baba ao mama, usitupe fiche zako za mushahara. Uziweke fasi kavu, na kopi yake kwa ndugu wa muji mwingine.