Mambo ya Nyumbani: Siku Moja ya Kutembea na Watoto

Wazazi wengi mwajua jinsi nyumba inavyokuwa shule zikifungwa mwezi wa Juni. Mavuno yamekwisha ingia ghalani, upepo una vumbi, na watoto hawana neno ila moja, "Tutakwenda wapi?" Sisi tukaao hapa Isevya tuliwaahidi wetu watatu siku moja ya kutembea, kwanza mjini Tabora, kisha Kwihara. Ahadi ni deni, na hakuna mdai mkali kuliko mtoto.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali. Mama yao alifunga matobolwa na karanga, akajaza dumu la maji. Twawashauri wenzetu wafanye vivyo hivyo, kwa kuwa gharama ya kula hotelini ndiyo iwazuiayo wengi kutoka na watoto wao. Fedha ile sisi tuliiweka kuwa nauli ya bajaji.

Stesheni wavulana wetu wawili walitaka kuona garimoshi likiingia, wakakuta mabehewa ya mizigo yamesimama tu. Basi tukaketi kivulini, tukawaeleza jinsi reli ya kutoka Dar es Salaam ilivyofika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la Mwanza likamalizika mwaka 1928. Kabla ya hapo mali yote ya pwani ilikuja kichwani au begani mwa watu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila 2, yaani zaidi ya kilo 30, na safari ya kutoka Bagamoyo hadi hapa ilikula miezi miwili au mitatu. Vijana wa Kinyamwezi walisafiri majira kama haya, wakalipwa nguo, wakarudi kulima mvua zikikaribia. Kijana asiyepata kuiona bahari alichekwa na wenziwe. Mkubwa wetu aliposikia hayo akajitwika dumu, akaapa kulifikisha sokoni. Hakufika mbali, tulinunua maji mengine.

Hapo ndipo binti yetu, mwenye miaka 9, alipouliza, "Baba, na wale waliofungwa minyororo, walipita njia hii hii?"

Tukamjibu, "Ndiyo. Lakini sisi tu Wanyamwezi, na wazee wetu walikuwa wapagazi, watu wa ujira." Mama yao akatazama upande mwingine. Jibu lile lilikuwa kweli kwa upande wetu, walakini mtoto ana pande mbili.

Soko tulilipita upesi, tukanunua asali kidogo, tukapanda bajaji kwenda Kwihara, kusini-magharibi ya mji. Njiani watoto walihesabu miembe. Watu husema iliota kwa kokwa zilizotupwa na wasafiri wa misafara. Ikiwa ndivyo, basi waliokula maembe yale hawakuwa wote watu huru.

Tembe la Kwihara lina kuta nene za udongo, dari bapa, ua katikati na mlango wa nakshi. Humo Livingstone na Stanley walikaa pamoja mwaka 1872. Stanley akaondoka mwezi wa Machi, naye Livingstone akangoja peke yake mpaka Agosti, walipofika watu waliotumwa kutoka pwani kumchukulia mizigo. Watoto walikuwa wamechoka na historia ya Wazungu, nasi hatuwalaumu. Lakini walinyamaza tulipowaambia habari za mmoja wa wachukuzi wale, Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, akatiwa utumwani utotoni, akakombolewa, akasomeshwa Nasik huko Bara Hindi. Livingstone alipokufa mwaka 1873, yeye na Chuma na Susi na wenzao wakaubeba mwili wake, wakapita tena nchi hii ya Unyanyembe hata pwani. Na Jacob akaandika habari za safari ile kwa mkono wake mwenyewe. Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliolishika jeneza huko London, katika Westminster Abbey. Baadaye alirudi bara, akafia Urambo mwaka 1892. Urambo, jirani zetu hapa!

Binti akafikiri kidogo. "Kumbe alikuwa mtumwa, tena mchukuzi, tena mwandishi. Baba, na kwetu hakuna mtumwa hata mmoja?"

Wasomaji, tuliona haya. Katika nyumba nyingi za Tabora jambo hili halitajwi mezani. Sheria ilifuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, lakini watoto wakigombana uwanjani bado neno lile hutupwa kama jiwe, ndiyo maana wakubwa hulificha. Sisi nasi tulikuwa tumelificha, kwa kuwa tulidhani twamlinda. Tukafungua kinywa bila kujua tutakalosema. Mama yao akatutangulia.

Akaketi kizingitini, akamwita binti karibu. Akamwambia kuwa bibi yake aliyemlea alikuwa na bibi wa Kimanyema, aliyeletwa kwa njia hii akiwa mdogo kuliko yeye, wala hakuja kwa hiari. Alilima shamba la watu, akazeeka, akapata wajukuu, akafa akiwa huru. Wavulana waliacha kukimbizana, wakaja kusikiliza.

"Jina lake nani?"

Mama akalitaja lile alilopewa na waliomnunua. "Lile la kwao hakuna alijuaye. Hakupenda kulisema."

Twakiri kwamba tulitazamia machozi. Tulikuwa tumeandaa maneno ya kufariji tangu stesheni. Mtoto hakulia, aliomba matobolwa yaliyobaki, akala, akaenda kuupapasa mlango wa nakshi kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka dereva wa bajaji akapiga honi. Wakati wa kurudi hakuhesabu miembe. Alimwuliza mama yake Manyema iko wapi, akajibiwa kuwa iko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na garimoshi hufika Kigoma tu.

"Basi nauli ya Kigoma ni kiasi gani?"

Tulisema tutauliza stesheni. Siku ya tatu akatukumbusha, na ya nne. Ya tano tukaenda kuuliza.