Choo inaweza kulisha shamba, merkire hapana

Ndugu wachimbaji na mama zetu wa mashamba, tusicheke. Kule Kampala, kwa majirani, kiwanda cha Lubigi tangu 2014 kinapokea uchafu wa vyoo, kinaukausha, na wakulima wananunua kama mbolea. Sisi huku Butembo na Beni choo ikijaa tunachimba ingine, na mbolea ya dukani tunalipa bei kali.

Lakini haichukuliwe mbichi. Mayai ya minyoo yanaishi mu udongo miaka. Shirika la afya duniani, OMS, mu mwongozo wake wa 2006, linasema: mahali pa baridi kama mu milima yetu, uchafu ukae mwaka moja na nusu mpaka miwili bila kuongeza mupya, ama mboji ipite digrii 50 zaidi ya juma moja.

Sisi wa dhahabu tuko na shida ingine. Joto inaua minyoo, haiuwi merkire. Ile ni metali, haiozi. Tukimwaga maji ya kusafishia dhahabu mu choo, itafika shambani na kubaki pale. Na merkire inaharibu ubongo wa mtoto tangu tumboni mwa mama.

Kwa hiyo sindika yetu inaomba mambo mawili. Wenye migodi watutengenezee vyoo mbali na mahali pa kusafishia. Na mbolea ya choo isiuzwe bila kupimwa metali. Siye wenyewe tuanze leo: merkire isiingie mu choo. Dhahabu itaisha, shamba njo watoto watabaki nayo.