Mwanafunzi wa ughaibuni si kisima cha ukoo

Ndugu msomaji, katika safu hii tumezoea kuzungumzia malezi ya mtoto aliye chini ya paa letu. Leo, kwa idhini ya Allah (SW), tumzungumzie mtoto aliyevuka bahari kutafuta elimu, na wajibu wetu kwake sisi tuliobaki. Mfano nitakaoutoa ni wa ukoo wetu, hapa Izia, Sumbawanga. Mwenyewe ameniruhusu kuueleza, na aibu iliyomo ndani yake ni yangu.

Mpwa wangu alipata ufadhili wa kusoma katika chuo kikuu kimoja katika jimbo la Minnesota, Marekani. Tulimsindikiza kituo cha mabasi alfajiri, akashika njia ya Tunduma na Mbeya kuelekea Dar es Salaam. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alimfungia kanzu mbili, Msahafu mdogo na koti zito la mtumba. Nilipomuusia kuhusu baridi alicheka: “Mjomba, mimi mtoto wa Ufipa. Upepo wa Juni na Julai nimeuzoea.” Januari ilipofika hakucheka tena. Huko kipimo cha baridi hushuka hata nyuzi 20 chini ya sifuri, na koti letu halikufua dafu.

Jambo la kwanza lililomtatiza lilikuwa kibla. Hapa Izia tunaelekea kaskazini, tukiinama kidogo upande wa mashariki. Yeye alitazama ramani ya ukutani, akaona Makka iko mashariki na kusini ya Minnesota, akasali akielekea huko. Waislamu aliowakuta wakamsahihisha: kwa kuwa dunia ni mviringo, njia fupi ya kwenda Makka kutoka kwao hupitia kaskazini mashariki. Alifurahi kutueleza jambo hilo, nasi tukafurahi kwamba kijana wetu amepata watu wa kumwelekeza.

La pili lilikuwa nyakati za sala. Kwetu tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka ni kama saa moja tu, hivyo mtoto hukua akizijua nyakati hizo bila kuzitafuta. Minnesota, mwezi Desemba, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia ndani ya muda usiofika saa tano, katikati ya vipindi vya darasani. Ikifika Juni, Magharibi huwa baada ya saa tatu usiku, na Isha husogea kuelekea saa sita. Kijana alijifunza kupanga siku yake kwa sala badala ya kuipenyeza sala katika siku.

Katika hayo yote hakuwa peke yake. Minneapolis ina jamii kubwa ya Wasomali, na miongoni mwao wapo waliokulia Kenya wanaosema Kiswahili. Ipo misikiti, yapo maduka ya nyama halali, na mwaka 2023 baraza la jiji hilo liliruhusu adhana za sala zote tano zitolewe kwa vipaza sauti. Vyuoni nako kuna jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu. Umoja wao wa Marekani ulianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mzazi anayedhani mwanawe anakwenda mahali pasipotajwa jina la Allah na apunguze hofu.

Mtihani mkubwa, ndugu msomaji, ulitoka kwetu Izia.

Miezi mitatu haijatimia, maombi yakaanza kumiminika katika simu yake. Huyu anataka mchango wa harusi, yule ada ya mtoto, mwingine mtaji wa kununulia mahindi. Mimi mjomba wake, ninayewapa nasaha katika ukurasa huu, nilimwomba bati za kuezekea vyumba viwili vya nyuma. Akanijibu kwa adabu: “Shikamoo mjomba. Nivumilie kidogo, inshaallah.” Nikavumilia wiki mbili, nikamkumbusha. Baadaye akawa hapokei simu zetu. Tukakaa barazani tukamtolea hukumu: Marekani imemlevya, amesahau alikotoka. Hata dada yangu tulimlaumu kwamba alimdekeza.

Ukweli ulijulikana mwezi wa Ramadhani, alipompigia mama yake huku analia. Ufadhili ulilipa ada na chumba tu. Chakula, vitabu na mavazi ya baridi alivipata kwa kufanya kazi katika maktaba ya chuo. Ili akusanye fedha za bati zangu, alikuwa akila mlo mmoja kwa siku tangu Desemba, kabla mfungo haujafika. Fedha hazikutosha, akakubali kazi ya usiku nje ya chuo, ya kulipwa mkononi. Siku aliyotakiwa kuanza, mzee mmoja wa Kisomali alimwona msikitini amenyong’onyea, akamketisha na kumhoji. Aliposikia habari yote alimwambia: “Mwanangu, usiende huko. Rudi chumbani, andika hesabu yako yote kwenye karatasi, kisha mpigie mama yako umsomee.”

Mzee yule alijua asichokijua mjomba mtu. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi huruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo kwa muda usiozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje huhitaji kibali maalumu. Akikamatwa anafanya kazi bila kibali, hupoteza haki yake ya kuwa mwanafunzi nchini humo na huweza kurudishwa kwao. Bati zangu zingeezekwa kwa shahada ya mtoto wa watu.

Na tusiseme kwamba hiyo ni sheria ya wageni isiyotuhusu. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamrisha waumini kutimiza mikataba yao. Aliyepokea viza kwa masharti ameweka mkataba. Tukumbuke pia Masahaba waliohamia Uhabeshi, wakaishi chini ya Najashi, mfalme wa Kikristo. Jaafar bin Abi Talib (RA) alipoitwa barazani kujieleza alisema kweli mbele ya mfalme, na ukweli huo ukawa ngao ya wenzake. Alikaa huko miaka mingi, akarejea kwa Mtume (SAW) mwaka wa Khaybar, na huko ugenini aliishi kwa uaminifu.

Usiku ule dada yangu alikuja kwangu na daftari alimoandika hesabu ile. Hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliisoma mstari kwa mstari, na alipofika palipoandikwa “bati za mjomba” alinyamaza, akanikabidhi daftari nimalizie mwenyewe. Sikuweza.

Baada ya Idi tuliitisha kikao cha ukoo. Tulikubaliana kwamba hadi amalize masomo hakuna atakayemwomba fedha. Mwenye dharura ataileta kwa mama yake na wakubwa wataitazama hapa hapa. Tulipanga simu moja kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni, ambayo kwake ni asubuhi, saa tatu au saa nne kwa kufuata majira, wala si katikati ya darasa kama tulivyokuwa tukifanya. Nami nilimwambia azile fedha alizoniwekea. Aliniuliza, “Na vyumba, mjomba?” Nikamjibu kwamba vimeezekwa nyasi tangu zama za babu yake, na nyasi za Ufipa hazijaisha.

Wazazi wenzangu, kabla kijana hajasafiri kaeni naye muandike pamoja: ufadhili unalipa nini na haulipi nini, sheria inamruhusu kazi gani, msikiti ulio karibu na chuo uko wapi, na nani atakuwa mtu mzima wake huko. Akishafika, ulizeni mambo yenye jibu. Ukimwuliza “Hujambo?” atasema hajambo hata kama hajala. Mwulize jana usiku alikula nini, Ijumaa alisali wapi, na nani alikaa ubavuni mwake. Kwa majibu hayo utajua hali yake.

Kusaidia jamaa ni ibada, na siku ya mpwa wangu kufanya hivyo itakuja kwa idhini ya Allah. Lakini Suratul Israi imetukataza kuukunjua mkono wote hadi mtu akabaki mwenye kulaumiwa na kufilisika. Kama mwenye mali ameambiwa hivyo, mwanafunzi asiye na mali tumdai nini?

Tunamwomba Allah (SW) awahifadhi watoto wetu walio ugenini, awape elimu yenye manufaa, na atujaalie sisi tuliobaki tusiwe mzigo juu ya mabega yao. Amin.